Bembea za Kuonekana Dirishani

Uliziona. Usiseme hukuziona. Ulikaa dirishani, treni ya Kigoma ikipanda polepole kutoka Kilosa, mto Mkondoa ukiwa chini yako, na pale kwenye kona kabla ya kufika Kidete ukaona bembea mbili za kijani na watoto wanapunga mikono. Ukatabasamu. Ukamwambia jirani yako, "Vijiji vya ujamaa hivyo, vinakwenda mbele bwana." Kisha ukaona mwanamke kando ya bembea, kashika sururu, hapungi mkono, anakutazama. Ukageuza uso, ukaanza kumenya yai lako.

Yai limekwisha sasa. Sikiliza.

Mwanamke huyo anaitwa Sikuzani. Kijiji ni Chamwali, kile walichosukumiwa watu wa ng'ambo ya mto wakati wa Operesheni ya kuhamishia watu vijijini, nyumba zao za zamani zikaezuliwa nyuma yao ili wasipate pa kurudi. Mvua ilikataa, mashamba mapya yakatoa mabua, na mwaka wa sabini na tano watu walikuwa wakila unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano yaliyoletwa kwa meli. Unga wenyewe haukutosha.

Asubuhi ya mkutano wa kijiji Sikuzani alikuwa kwenye foleni ya unga tangu alfajiri. Jua lilipanda, foleni ikarefuka, mlango wa duka la ushirika ukabaki na kufuli lake. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Mwenyekiti Melkizedek.

"Shikamoo mama," alisema Costancia, aliyesimama nyuma yake.

"Marahaba, mwanangu. Mjukuu wangu Ida umemwona?"

"Yuko na Magreti wangu, wameenda kuangalia vyuma. Tangu jana hawataki kutoka pale."

Vyuma hivyo vilikuwa vipande vya reli ndogo ya kubebea mkonge, vimeletwa kutoka shamba lililokufa huko Rudewa, vitengenezwe kuwa nguzo za bembea. Kijiji kilikuwa kimepewa uwanja wa kuchezea watoto. Kilichobaki ni kuamua ukae wapi.

Mgambo akapita akipiga filimbi. "Mkutanoni wote! Mkutano kwanza, unga baadaye!"

"Na asiyekuja?" mtu mmoja akauliza.

"Asiyekuja ameshiba."

Wakaenda. Utafanyaje?

Mbele walikuwa wamekaa watu wawili kwenye viti. Mmoja ni Melkizedek, na kofia yake ya manyoya aliyoivaa hata juani. Wa pili ni Bwana Danieli, mtu wa maendeleo kutoka wilayani, aliyekuja na Landrova. Bwana Danieli akasimama. "Uhuru!" Watu wakaitikia, "Na kazi!" kwa sauti ya watu wasiokula.

Akaeleza. Uwanja utawekwa chini, kwenye kona ya reli. Treni ya kupanda hupunguza mwendo pale. Abiria wataona, wageni wataona, wakubwa wakipita wataona. "Mtoto anayecheza vichakani, ndugu zangu, nani atajua kwamba amekombolewa?"

Kila mzazi wa Chamwali alijua kwamba treni ya kupanda hupunguza, lakini ya mizigo inayoshuka haipunguzi, na kona ile haikuruhusu kuiona mpaka imekufikia. Na kila mtu alijua kwamba juu, nyuma ya shule, palikuwa na uwanda mzuri wenye kivuli. Uwanda huo ulitengwa kwa ofisi ya Chama, itakayojengwa saruji ikipatikana. Katika kuisubiri saruji, Mwenyekiti alikuwa amepanda alizeti yake.

Sikuzani akanyoosha mkono. Melkizedek akatazama juu ya kichwa chake. Akanyoosha tena.

"Maswali yamekwisha," alisema Melkizedek, na swali hata moja halijaulizwa.

Hapo ndipo Sikuzani alipokumbuka kwamba alikuwa na mlango mwingine. Ukoo wake na ukoo wa Melkizedek walikuwa watani, tangu enzi za mababu. Mtani haombi ruhusa. Mtani anakutukana mbele ya wakwe na huwezi kukasirika. Ukikasirika, aibu ni yako. Kwa hiyo alitoka mbele akijitikisa kiuno, akampokonya Melkizedek kofia, akaivaa, akamsukuma kwa nyonga na kukaa kwenye kiti chake.

Mkutano ukalipuka. Siku nyingi watu walikuwa hawajacheka.

"Toka hapo, mchawi wewe!" Melkizedek alicheka. "Bibi yako alikufa na deni la mbuzi wetu!"

"Nyamaza, mjinga, Mwenyekiti anaongea!" Sikuzani akatunisha tumbo, akakohoa kama Melkizedek anavyokohoa. "Ndugu wananchi! Mimi Melkizedek mwenye tumbo nimeamua. Watoto wenu wacheze relini. Treni ikiwasaga, abiria wataona vizuri, maana pale kuna nafasi. Juu kule hapana. Alizeti yangu inahitaji kivuli cha shule ili isome!"

Watu wakashikana mabega kwa kucheka. Bwana Danieli alitoa leso akafuta machozi. "Huyu mama apelekwe redioni!"

"Nasema kweli," alisema Sikuzani.

Wakazidi kucheka.

Akavua kofia. "Jamani. Nasema kweli. Watoto watakufa pale."

"Eti kweli!" Melkizedek alimshika mkono akamwinua kwa upole. "Mtani wangu, leo umeniua. Haya, kofia yangu." Kisha akageukia watu, uso ukarudi wa kiserikali. "Wanaokubali uwanja uwe kwenye kona, wanyooshe mikono. Tukimaliza hapa, unga."

Mikono ikapanda, macho yakiwa kwenye lile kufuli. Mkono wa Sikuzani nao ukapanda. Usimcheke. Ida alikuwa amelalia uji wa maji matupu, na wewe hujawahi kupigishwa kura na tumbo la mjukuu wako.

Bembea zikajengwa, mbili tu, maana minyororo haikutosha. Watoto wa kijiji kizima, bembea mbili! Mwalimu aliamriwa awashushe pale kila treni ya abiria inapokaribia, wapunge mikono. Nyakati nyingine walijipeleka wenyewe. Bwana Danieli hakuleta benchi, kwa sababu dirishani benchi halionekani. Basi waliongojea zamu walikaa kwenye reli.

Magreti alikuwa amekaa pale akingoja Ida ashuke. Alikuwa akitoa mwiba mguuni, kichwa ameinamisha, kaupa mgongo upande wa Kidete. Treni ya mizigo ikashuka. Ida alipiga kelele akiwa juu ya bembea. Dereva naye alipiga honi. Honi hiyo Sikuzani aliisikia shambani, na alipotupa jembe akaanza kukimbia, wanawake wote wa bonde lile walikuwa wanakimbia, kila mmoja akilitaja jina la mtoto wake.

Jina lilikuwa la mtoto wa Costancia.

Kwao ukoo hufuata mama. Costancia alikuwa mtoto wa dada yake Melkizedek, kwa hiyo Magreti alikuwa wa ukoo wa Melkizedek, na kwenye msiba wa ukoo ule, kazi ya watani ilikuwa ya Sikuzani. Mtani ndiye anayeigiza mwendo wa marehemu, anayejipaka majivu, anayewachekesha wenye kilio ili kifua kisipasuke. Na mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti na kugoma kutoka mpaka alipwe chochote. Wenye msiba humtupia visenti, yeye hulalamika kwamba ni vichache, watu hucheka kidogo, kisha humvuta nje.

Sikuzani akaingia kaburini. Lilikuwa fupi. Ilibidi akunje miguu.

Watu wakaanza kutabasamu, macho yamevimba. Walikuwa wanamngoja awafungue. Melkizedek akainama, akatupa shilingi. "Haya, mtani, toka. Chukua, ukanywe pombe."

Shilingi ikaangukia kwenye paja lake. Hakuishika.

"Kidogo, eh? Mchoyo ni nani hapa?" Akatupa nyingine.

"Sitaki shilingi," alisema Sikuzani. "Ng'oa alizeti."

Mtu mmoja alianza kucheka, akaacha.

"Mtani, siyo hapa."

"Ni hapa hapa. Mkutanoni nilisema, mkacheka. Hapa sheria ni ya mtani. Sitoki mpaka nilipwe. Bembea ziende juu, nyuma ya shule. Vinginevyo nifukieni na mtoto."

Bwana Danieli, aliyekuja na salamu za rambirambi kwenye karatasi, akasogea. "Mama, huu ni msiba, siyo mahali pa siasa. Halafu wewe mwenyewe ulinyoosha mkono, nilikuona."

"Mkono ule ulikuwa wa unga. Huu ni wangu," alisema Sikuzani, akaushika ukingo wa kaburi.

Bwana Danieli akamtazama mgambo. Mgambo akatazama viatu vyake. Alikuwa mtoto wa pale, na mtani aliyemo kaburini haguswi. Maiti ilikuwa imelala kwenye mkeka. Jua lilikuwa kali. Costancia alitoka kwa waliomshikilia, akaja akakaa ukingoni, miguu ikining'inia kaburini karibu na bega la Sikuzani.

Melkizedek akavua kofia yake. Labda kwa muda ule alikuwa mjomba tu. "Nimekubali," alisema. "Mbele ya watu wote. Kesho zinahama."

Sikuzani akampa mkono, naye akamvuta nje. Wakamzika Magreti.

Kesho yake hakuna kilichohama. Keshokutwa, vilevile. Sikuzani akaenda ofisini, akakuta Melkizedek amekaa na Bwana Danieli wanakunywa chai yenye sukari, na sukari dukani ilikuwa haijaonekana tangu mfungo.

"Shikamoo," Sikuzani alimsalimia Bwana Danieli, kijana wa umri wa mwanawe ambaye hakumwamkia.

"Marahaba. Nini tena?"

"Nimekuja kwa ahadi ya mwenzangu huyu."

Melkizedek hakuinua macho. "Ahadi gani, Sikuzani?"

"Ya kaburini."

"Aaa." Akakoroga chai. "Yale yalikuwa mambo ya utani, mama. Utani na maendeleo ni vitu viwili. Mkutano ulipiga kura."

Hakumwita mtani. Sikuzani alitoka, akaazima sururu kwa Costancia, akashuka kwenye kona.

Tangu siku hiyo yuko pale. Nguzo za Rudewa zimezikwa kwa mawe na saruji, ile saruji ambayo kwa ofisi ya Chama haijapatikana. Mgambo humfukuza, anarudi. Costancia humsaidia akipata nguvu za kuinuka kitandani. Wengine hupita wakitazama mbali, wanaogopa majina yao yasifutwe kwenye orodha ya unga. Wanawake wawili na sururu moja: nguzo ya kwanza imeinama kidogo tu. Na mwalimu, kwa amri, bado anawashusha watoto. Ida yumo. Anakaa kwenye reli akingoja zamu.

Wewe bado uko dirishani. Ulipigiwa hesabu wewe: tabasamu lako ndilo lililopewa uwanja, na watoto wakapewa reli. Treni hupunguza mwendo pale, nimekwisha kukuambia. Mtu mzima anaweza kuruka bila kuumia. Acha mzigo wako, utakwenda wenyewe mpaka Kigoma. Ruka. Shika sururu upande wa pili, nguzo ing'oke leo, kabla ile ya mizigo haijashuka.