Joto la Ngurumo

Mashine ile ya kukaushia nguo waliiita Ngurumo, na hawakuisingizia. Ikianza kuzungusha, vikombe viligongana kabatini na jirani wa ukuta wa pili alijua kwamba kwa Dobi kazi imeanza. Kwa miaka kumi na mmoja ilikausha sare za wauguzi wa zahanati, na hakuna muuguzi aliyewahi kwenda kazini na nguo mbichi. Kisha, miezi miwili iliyopita, ikageuka. Mzunguko mmoja ukawa miwili, miwili ikawa mitatu, na bado sare zilitoka na unyevu kwenye mifuko na kola.

Muuguzi mkuu alikuwa mwanamke wa maneno machache, na hayo machache yaliuma. Ijumaa alikuja mwenyewe na sare mbili mkononi.

“Dobi, siku hizi wauguzi wangu wanapiga chafya kuliko wagonjwa,” alisema. “Jumatano nikiletewa mbichi tena, natafuta dobi mwingine.”

Sare za zahanati ndizo zilizokuwa kazi ya Dobi. Mashuka ya majirani yalikuwa ya kusogezea siku tu. Kwa hiyo Jumatatu alijitanda mtandio wake, akaenda dukani kutazama mashine mpya.

Muuzaji aliipapasa ile mpya kama mtu anayesifu ng'ombe wake. “Weka mkono hapa ubavuni, dada. Inafanya kazi sasa hivi. Unasikia kelele? Husikii. Unasikia joto? Husikii. Joto lote linabaki ndani, kwenye nguo.”

Dobi aliweka mkono. Kweli, bati lilikuwa baridi kama sufuria iliyolala jikoni. Wakakubaliana kwamba akipiga simu kesho yake, mashine itamfikia jioni hiyohiyo. Alirudi nyumbani moyo mwepesi, isipokuwa kwa jambo moja. Ilibidi kwanza amwambie mama mkwe.

Mumewe Dobi alikuwa dereva wa lori la masafa marefu, na miezi miwili iliyopita alikuwa amemleta mama yake akae nao, maana miguu ya mama ilikuwa imekataa kupanda ngazi za kwake. Alimshusha, akala, akarudi barabarani, akawaacha wanawake wawili wanaoheshimiana mno hata wasiweze kuzoeana. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu alikokota kiti hadi chumba cha mashine, akakiweka kwenye kona nyuma ya Ngurumo, akakitandika shuka refu lililofika sakafuni, akaanza kukunja sare. Na alijua kukunja, kola juu ya kola, kuliko Dobi mwenyewe. Akiketi asubuhi, alikuwa hapo mpaka jioni.

“Mama, naona tuiage hii Ngurumo,” Dobi alisema. “Nimeona mpya.”

Mama mkwe hakuinua macho. “Hii ina kosa gani, mkamwana?”

“Imezeeka, mama.”

“Kuzeeka si kosa. Iache.”

Dobi akameza jibu lake. Alilelewa hivyo: mkwe hajibizwi, hakatizwi akisema, na akishaketi hainuliwi. Kwa miezi miwili alikuwa akifagia chumba kile mpaka kwenye pindo la shuka, kisha anageuza ufagio. Lakini kama mkwe habishiwi, hakuna aliyesema haletewi shahidi. Kesho yake akamwita fundi, ili fundi atamke kwa kinywa chake kwamba mashine imekufa.

Mtaani fundi huyo aliitwa Fundi Kesho, kwa kuwa ndilo jibu alilompa kila mteja. Safari hii alifika siku aliyoitwa, na Dobi akaona hiyo si dalili njema.

Alifungua bati la mbele, akavuta mkanda unaozungusha pipa, akaunusa. “Mkanda umechoka, ndiyo maana inapiga kelele. Lakini mkanda hauachi nguo mbichi. Na moto upo.” Akaiwasha, akatoka nje, akasimama chini ya tundu la ukutani ambamo hewa ya mashine hutokea. Alirudi akikuna kichwa. “Hakuna hata pumzi. Hewa inaingia lakini haitoki. Mama, samahani, naomba nipite hapo ulipokaa.”

“Pita upande mwingine.”

“Upande mwingine ni ukuta, mama.”

“Basi njoo kesho.”

Fundi hakuwahi kunyweshwa dawa yake mwenyewe. Alimtazama Dobi, Dobi akatoa simu.

“Yaishe,” alisema. “Nawaambia dukani walete mpya. Kesho ndiyo Jumatano, mama. Nikipeleka sare mbichi, zahanati wananiacha, na wakiniacha sina kazi tena.”

Mikono ya mama mkwe ikasimama juu ya sare. “Wanakuacha? Tangu lini?”

“Tangu Ijumaa.”

“Mbona hukuniambia?”

“Sikutaka kukutia mawazo.”

Bibi yule aliweka sare pembeni. Kisha akashika ukingo wa mashine, akainuka mwenyewe, akalivuta shuka.

Bomba la kutolea hewa lilikuwa chini ya kiti. Lilikuwa limechomolewa ukutani, mdomo wake umeelekezwa pale miguu inapokaa, na mguu mmoja wa kiti umelikanyaga hadi limekuwa bapa. Tundu la ukutani lilizibwa kwa sweta kuukuu.

“Mgonjwa hana ugonjwa,” Fundi Kesho alisema taratibu. “Amezibwa pua tu.”

Hasira ilimpanda Dobi mpaka masikio yakawaka. Miezi miwili ya kukausha mara tatu! Miezi miwili ya kuomba radhi! Alifungua kinywa, na adabu zote alizofunzwa zikamtoka. Ndipo alipoiona miguu ya mama mkwe. Alikuwa amevaa soksi za mwanawe, jozi mbili, moja juu ya nyingine, na juu ya soksi vifundo vilikuwa vimevimba. Dobi akafunga kinywa.

“Baridi ya huku inaniingia mifupani,” mama mkwe alisema akitazama sakafu. “Niliona joto linamwagwa nje bure, nikasema naliazima. Sikujua kama nguo zinahitaji hewa itoke. Mliposema mashine imezeeka, nami nikaamini.”

“Ungesema tu, mama.”

“Niseme nini? Nimekuja kwenu na miguu mibovu, halafu nianze kudai moto?” Akachukua fimbo yake. “Mpigie shemeji yako aje anichukue. Nimekuharibia kazi.” Akatoka, fimbo ikigonga sakafu mpaka chumbani kwake.

Fundi alikohoa. “Sasa, Dobi. Nikiweka mkanda mpya na bomba jipya, itakaa miaka. Ila ni chakavu, sikufichi. Ukitaka mpya, nunua mpya. Uamuzi ni wako.”

Dobi aliweka kiganja ubavuni mwa Ngurumo. Palikuwa na joto, lile la mkate uliofunikwa kitambaa. Akakumbuka ubavu wa ile ya dukani, na jinsi muuzaji alivyojisifia baridi yake.

“Weka mkanda,” alisema. “Leo.”

Fundi Kesho akaufunga leo. Saa moja baadaye sare za kwanza zilitoka kavu mpaka ndani ya mifuko, na Dobi akawapigia simu watu wa duka kuwaambia wasijisumbue.

Kisha akaenda chumbani. Mama mkwe alikuwa ameketi kitandani, begi lake limefungwa miguuni. Dobi akalibeba begi, akalipeleka kwenye mashine ya kufulia, akamimina kila kilichokuwamo, magauni, mitandio na sweta tano, akatia sabuni na kufungulia maji.

“Mkamwana!” Mama mkwe alikuwa amemfuata hadi mlangoni. “Nitasafiri na nini?”

“Ndiyo hivyo tena, mama. Na mtu hasafiri na nguo mbichi, atapiga chafya njia nzima.”

Akakivuta kiti hadi ubavuni mwa Ngurumo, upande wenye joto, kikagusana na bati. Akamshika mkwe wake mkono, akamketisha. Akafungua mlango wa mashine, akakumbatia sare zilizotoka motoni na kumrundikia mapajani, nyingi, mpaka magoti yakapotea.

Mama mkwe aliizamisha mikono ndani ya rundo lile, akaiacha humo.

“Na zangu zitakauka lini?” aliuliza baadaye, na wote wawili walijua kwamba sasa ni kazi ya saa moja.

“Kesho,” Dobi alisema.

Bibi akaisogeza miguu yake hadi soksi zikagusa bati, akachukua sare ya kwanza, akailaza kola.

“Basi kesho, mwanangu.”