Mkojo wa Kuazima

Dada Mng'aro hakuwa mtu wa kutishwa na kikopo cha plastiki. Wapimaji wa afya walipotangaza kwamba kila mwenye saluni anayeuza mkorogo wa kujichubua alete mkojo wake wa asubuhi upimwe zebaki, na kwamba atakayekutwa nayo nyingi atafungiwa duka, yeye alisonya tu. Akamwendea wifi yake, mke wa kaka yake, aliyekuwa akikaa naye nyumba moja.

"Wifi, niazime mkojo."

"Makubwa! Tumeazimana chumvi, sasa tumefika huku?" Wifi alicheka mpaka akalishika tumbo lake la miezi sita. Lakini alitoa. Uso wake mweusi ti haukuwahi kuonja krimu. Nani angekuwa safi kuliko yeye?

Siku ya majibu walikwenda pamoja, wifi akabaki kwenye benchi la nje. Ndani, nesi aliinuka kwanza akafunga mlango, na Dada Mng'aro hakupenda ulivyofungwa.

"Dada, zebaki yako iko juu mno. Una mimba?"

"Sina."

"Afadhali. Kwako nahofia figo. Ungekuwa na mimba ningehofia na ubongo wa mtoto."

"Mmechanganya vikopo nyie!"

"Tumerudia kupima, dada. Ni kile kile."

Aliomba atoke kidogo, akamwinamia wifi pale kwenye benchi.

"Nijibu, usinifiche. Unapaka nini?"

"Mimi? Kwa uso huu?"

"Mwili mzima, wifi!"

Wifi akainamisha kichwa, akavutavuta gauni. "Tumboni tu. Michirizi imenijaa. Nilikuwa nachota kidogo kidogo kwenye kopo lako la bafuni. Nisamehe jamani, niliona haya kuomba." Kisha akashangaa. "Mbona umeshtuka hivyo? Si unawaambia wateja ni salama hata kwa mtoto mchanga?"

Maneno yalikuwa yake, hakuna lililopunguzwa. Aliyasema kila siku huku akikoroga krimu na ule unga wa zebaki ambao yeye mwenyewe hakuushika bila glavu. Alitamani ardhi ipasuke.

Bado angeweza kunyamaza. Amkataze wifi kupaka, alitupe kopo, mambo yaishe kimya kimya, saluni ibaki. Nani angejua? Alikwisha kufungua mdomo amwambie "twende nyumbani", wifi akamkamata mkono na kuubandika tumboni.

"Sikia anavyorusha mateke! Anakuamkia huyo, shangazi mtu."

Dada Mng'aro aliusikia ule mguu mdogo chini ya kiganja. Machozi yakamlenga. Akamwinua wifi taratibu, akausukuma mlango bila kubisha.

"Nesi, ule mkojo ni wa huyu," alisema. "Mkorogo ndio wangu."