Mizani ya Mto Themi

Kila asubuhi wanaume wa Kimandolu walishuka mtoni Themi, wakajitwika mawe na kuyapandisha kilimani, Mdachi alikokuwa akijenga ghala. Mchana Naeku alimpelekea mumewe, Lesikar, kibuyu cha maziwa. Alimkuta kushoto kwa kamba iliyoigawa njia katikati, upande wa kiboko. Kulia, upande usiochapwa, alikuwapo Lerionka, mdogo wake Naeku, ambaye aliimba njia nzima.

Kamba ile aliifunga Bwana Mizani. Jina lake la kwao lilikuwa refu na gumu kutamka, basi watu wakamwita kwa chombo alichobeba kila alikokwenda. Alikuwa msomi, amevuka bahari kuja kupima tabia za watu kama mwenye duka anavyopima chumvi. Hakuamini uvumi, ndoto wala kiapo; aliamini jicho na mizani tu. Safari hii alitaka kujua kama kiboko humfanya mtu achape kazi zaidi. Kwa hiyo wa kushoto walichapwa, wa kulia wakaachwa, na mengine yote yakawa sawa kwa sawa: njia ileile, mawe yaleyale, jua lilelile.

Akapata jibu ambalo hakuliuliza. Mawe ya kushoto yalifika kilimani mazito kuliko yalivyotoka mtoni. Jiwe la Lesikar liliondoka na uzito wa mbuzi, likafika na uzito wa ndama, na halikupungua tena. Ya kulia yalifika vilevile. Bwana Mizani alipima upya, akaridhika, akaenda kula. Wabebaji nao hawakushangaa. Shingo zao zilijua zamani.

Naeku alifurahi, tena sana. Bwana Mizani hakuwa kama nyapara, anayewaita watu wavivu hata akiwaona wanaanguka. Huyu akiona, anakubali. Penye ukweli uongo hujitenga, alijiambia, akamwendea Shomari, mkalimani kutoka Pangani ambaye Kimaa, lugha ya kina Naeku, alikwisha kukizoea.

“Mwambie bwana wako aupumzishe mgongo wa mume wangu siku moja tu,” alisema. “Halafu apime.”

Shomari alisita, kisha akatafsiri. Bwana Mizani akainuka kitini akampa Naeku mkono, heshima ambayo hata jumbe hakuipata. Alisema hilo ndilo jaribio alilokuwa akilitafuta, na akauliza mama huyu kasomea wapi.

Kesho yake Lesikar hakuguswa. Jiwe lake lilifika na uzito uleule lilioondoka nao. Siku iliyofuata kiboko kilirudi, na uzito ukarudi nacho. Shaka ikaisha. Naeku alisimama kando ya mizani, kifua mbele, akingoja kamba ifunguliwe. Nyumbani alikwisha kutenga mafuta ya kondoo ya kuupaka mgongo wa mumewe hadi upone.

Kamba ilifunguliwa kweli. Bwana Mizani alizungumza kwa muda mrefu na kwa furaha, na Shomari akatafsiri huku akiangalia chini.

“Mama, bwana anakushukuru. Anasema umemsaidia kuthibitisha. Mawe mazito ndiyo msingi imara, na ardhi ya mlima huu hutetemeka. Kuanzia leo watachapwa wote.”

Naeku akasema, “Muulize kama ameiona migongo.”

Shomari aliuliza, akajibiwa upesi, kwa upole.

“Anasema migongo hakuipima.”

Ukuta ulipanda vizuri. Fundi alisema hajapata kuona mawe yanayotulia namna ile, ukiliweka, limekaa. Bwana Mizani alifunga vitu vyake akaenda zake Moshi, ambako walikuwa wanajenga daraja.

Nyuma kidogo, jioni ya siku ile ya kwanza bila kamba, Lerionka alipanda kutoka mtoni kimya. Alifika kilimani akamwomba dada yake amsaidie kutua. Naeku alilishika jiwe, likamshinda. Lesikar akaja, wakalishika watatu, wakaliteremsha polepole mpaka chini.

Lilikuwa jiwe dogo, la kuzibia pengo.