Feni Tuliyoizima

“Zima hiyo feni, Sapna, inatuharibia picha,” Samir alinung'unika, nami nikaizima. Sindano ya hadubini yetu, inayopapasa atomi moja moja, haitaki mtikisiko hata kidogo. Ndiyo maana maabara yetu hapa Ruiru iko chini ya ardhi, bila dirisha; hewa ya nje huingizwa na feni hiyo tu.

Ndipo zikatokea kwenye skrini: alama za elektroni zilizoshikana mbili mbili, ndani ya kipande cha kauri kilichopozwa kwa naitrojeni kimiminika, ishara kwamba umeme unapita humo bila kizuizi.

“Samir, kuja uone.”

Nikageuka. Alikuwa amekaa karibu na mtungi wa naitrojeni, kidevu kifuani. Gesi inayotoka pale haina harufu. Inachukua nafasi ya hewa kimyakimya.

Nikataka kuinuka niwashe feni. Miguu ikakataa. Swichi niliiona vizuri kabisa, hapo ukutani, nilipoizima feni kwa mkono wangu.