Mikono Yenye Mafuta ya Korosho

Nilisikia zipu ya begi kabla jogoo hajawika. Ilivutwa polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha wenzake. Nikajua ni Elisha, mwinjilisti kijana aliyeletwa na kanisa kutoka Mbinga. Alikuwa amekaa kwangu siku nne.

"Unakwenda wapi, mjukuu wangu?"

"Narudi kwetu, bibi. Gari la Mtwara linapita saa kumi na mbili. Nitamwambia mchungaji atafute mtu mwingine. Kazi hii siiwezi."

"Kwa sababu ya jana?"

Akainamia begi lake. Shuka niliyompa alikuwa ameikunja pembe kwa pembe, na juu yake ameniachia mche wa sabuni.

Jana nilimpeleka akahubiri uani kwa Esperanca, mwanamke aliyevuka Mto Ruvuma kutoka Msumbiji akikimbia vita. Siku hizi anabangua korosho za kuuza, akizipasua ganda kwa jiwe, yeye na jirani yetu Mwanaidi na wengine wawili. Elisha aliwaeleza vizuri, bila kelele, kwamba Yesu alikufa kwa ajili ya wakosaji na kwamba Mungu hamfungii mlango anayerudi. Mwishoni akasema anayetaka kumpokea Yesu anyooshe mkono juu. Hakuna aliyenyoosha. Mawe yaliendelea kugonga. Mwanaidi akasema, "Mwalimu, umemaliza? Basi chukua jiwe, kazi ni nyingi." Wakacheka. Elisha alirudi nyumbani, akalala bila kula.

Nikamkalisha jikoni, nikamwekea uji.

"Kwenu kuna mikorosho?"

"Hakuna, bibi. Kwetu ni kahawa."

"Ndiyo maana. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza. Tunapaka majivu mikononi, na bado ngozi inababuka. Mtu anayebangua hanyooshi mkono juu, baba. Yakimdondokea jichoni ni hospitali."

Akautazama uji. "Lakini walinicheka."

"Mwanaidi huwacheka anaowapenda. Asiyemtaka humsalimia kwa adabu, akanyamaza. Halafu wewe ulisikia mawe tu. Wale wakibangua huwa wanasengenya kijiji kizima, hata mimi. Jana ulipokuwa ukisema, hakusengenywa mtu."

Akatabasamu kidogo. Gari likapiga honi barabarani. Aliinua kichwa, akaangalia begi lake. Nilimwongezea uji, na gari likapita.

Jua lilipopanda tukaenda kwa Esperanca. Elisha hakufungua Biblia. Aliomba majivu, akapaka mikono, akakaa chini na wanawake. Korosho tatu za kwanza alizisaga zote.

"Huyu atatutia umaskini," Mwanaidi akasema. "Mwalimu, gonga ubavuni, taratibu. Huyo si nyoka."

Akajaribu tena. Ya tano ilitoka nzima, na Mwanaidi akaipokea na kuiweka mahali pa zile nzuri.

Tukaendelea kubangua. Ndipo Esperanca akauliza, bila kuinua uso, "Yale ya jana. Mtu aliyemwacha mama yake kitandani akakimbia na watoto, kwa sababu hakuweza kuwabeba wote. Naye anapokelewa?"

Mawe yote yakatulia. Tangu ahamie kijijini alikuwa hajawahi kutuambia hilo. Mwanaidi alisogeza kikombe chake cha maji karibu na goti la mwenzake.

Elisha aliweka jiwe lake chini. "Anapokelewa, dada," akasema. "Na mama yako Mungu hakumwacha pale. Yaliyompata siyajui. Lakini kwamba hakuachwa, hilo nalijua."

Esperanca akalia. Machozi aliyafuta kwa bega, maana mikono ilikuwa na mafuta.

"Niombe?" Elisha akauliza.

"Omba. Ila usinifumbishe macho, nina jiwe mkononi."

Akaomba macho wazi, kwa maneno machache, akimtaja yule mama. Mwanaidi ni Muislamu na hana mpango wa kuwa kitu kingine. Hata hivyo hakugonga jiwe mpaka dua ikaisha.

"Mimi dini yangu ninayo," akasema. "Lakini huyu amekuwa akilia usiku, nasikia ukutani. Hayo maneno yako yamemfaa."

Tulipoinuka kuondoka, Esperanca alitusindikiza hadi njiani, mikono yake ameiweka mbali na nguo.

"Kesho nakwenda shamba," akamwambia Elisha. "Kesho kutwa nipo, tangu asubuhi. Nina mengine ya kukuuliza, mwalimu. Uje tena."