Aliyesema Neno la Kwanza

Siku ya mahojiano Masasi, Faidha alifika redioni kabla ya saa mbili asubuhi, amevaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya uzinduzi, ingawa alijua redio haionyeshi nguo. Alikuwa na Suleimani, mtu aliyepiga picha za filamu yao na kuihariri kwenye kompyuta ya kuazima. Filamu iliitwa *Mlango Ulikuwa Wazi*. Haikuwa na kampuni nyuma yake wala mfadhili. Ilisimulia habari za kikongwe aliyefukuzwa kijijini kwa tuhuma za uchawi baada ya mtoto wa jirani kufa. Ingeonyeshwa Newala Jumamosi ile, na bila redio nani angejua?

Kwa nyimbo, watu walimjua. Kuanzia Nanganga mpaka kule juu Newala, harusi haikuisha bila wimbo wake hata mmoja. Lakini kumfanya mtu acheze ni jambo moja, na kumkalisha kwenye kiti cha plastiki zaidi ya saa nzima atazame bibi anayechomewa nyumba ni jambo jingine.

Mtangazaji, Christopher, alikuwa na sauti nzito na tabia ya kutabasamu hata akiwa anauliza mambo mazito.

"Dada Faidha, kisa hiki umekitoa wapi?"

Swali hilo alikuwa amejiandaa nalo. "Ni cha kutunga," alisema. "Lakini mambo haya yapo. Nikiwa mdogo niliona bibi mmoja akifukuzwa kijijini kwetu. Nilikuwa mtoto tu, nimesimama pembeni."

"Ukayabeba moyoni."

"Nikayabeba."

Christopher akapiga kipande cha filamu. Ikasikika vurugu ya watu msibani, kisha sauti ya mlevi mmoja ikapanda juu ya zote: "Mimi nilimwona kwa macho yangu. Aliingia humo ndani." Faidha alikuwa ameyaandika maneno hayo mwenyewe, akampa mwigizaji, akayasikia mara mia wakati wa kuhariri. Hata hivyo kila yalipopita masikioni mwake hayakuwa na sauti ya mwanamume. Yalikuwa na sauti nyembamba ya mtoto wa kike. Aliivua spika ya sikio la kulia, akabaki na moja.

Simu zikafunguliwa. Mmoja akaomba wimbo. Mwingine akauliza kiingilio. Wa tatu alikuwa mwanamke, sauti yake ya chini kiasi kwamba Christopher alimwomba asogeze simu mdomoni.

"Napiga kutoka Chiungutwa. Naitwa Mama Emmanuel. Nina swali kwa huyo binti."

"Karibu, mama."

"Yule mlevi anayesema neno la kwanza. Nauliza, kweli alikuwa mlevi?"

Christopher akacheka kidogo. "Mama, hiyo ni filamu. Au unakifahamu kisa?"

"Nakifahamu. Bibi mnayemsema alikuwa mama yangu. Hakuna mlevi aliyemtaja."

Kisha simu ikakatika. Christopher alijaza ukimya kwa tangazo la viuatilifu vya mikorosho, na taa nyekundu ilipozimika akamgeukia Faidha akasema hapo sasa ukumbi utajaa.

Suleimani naye alifurahi. Nje, chini ya ile miamba mikubwa ya Masasi iliyokuwa imeanza kushika jua, alimwambia, "Hata tungemlipa mtu asingepiga simu nzuri kama ile. Keshokutwa Newala waulize tena hivyohivyo."

Faidha alikuwa anahesabu miaka. Ilikuwa ishirini.

Alikuwa na umri wa miaka kumi na mmoja wakati huo, na nyumba yao ilikuwa katika kijiji cha ukingoni kabisa mwa uwanda, mahali ambapo ukisimama unaliona bonde la Ruvuma limelala chini kama limesahauliwa. Maji yalikuwa bondeni. Mama yake alishuka na ndoo alfajiri, akamwachia Faidha mdogo wake, Safari, wa miaka mitatu, aliyekuwa na homa. "Usitoke," mama alisema. "Mpe maji, mpanguse."

Siku hiyo vijana wa jirani walikuwa wanatoka jandoni. Ngoma zilianza kulia jua likiwa bado halijapanda vizuri. Faidha alivumilia, akavumilia, kisha akamlaza mtoto mkekani akaenda kutazama kidogo. Kidogo ikawa nusu ya siku. Aliporudi alikutana mlangoni na Bibi Mwanakombo, jirani yao, akitoka ndani na kikombe mkononi.

"Alikuwa analia peke yake," bibi alisema. "Nimempa maji na uji. Ana moto sana mtoto huyu. Mkimbilie mama yako, mwambie aache ndoo aje."

Faidha hakukimbia. Angekimbia ingejulikana kwamba hakuwepo. Alikaa kando ya mkeka akimpepea mdogo wake kwa upande wa khanga mpaka mama alipofika, na alipofika hakusema kitu. Jua lilipozama Safari alishikwa na degedege. Hakuiona asubuhi.

Msibani mjomba wake aliuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote: nani aliingia katika nyumba hii jana mchana?

"Bibi Mwanakombo," Faidha alisema. "Nilimwona anatoka."

Hakuwa amesema uongo. Hakuna aliyemuuliza bibi aliingia kufanya nini. Hakuna aliyemuuliza yeye mwenyewe alikuwa wapi. Siku ya tatu paa la nyumba ya bibi liliwashwa moto. Yule mwanamke akaondoka na jembe na mkeka, na njia ya kutoka kijijini ilipita mbele ya nyumba yao. Alimtazama Faidha. Hakutukana, hakulaani. Alimtazama kama mtu anayengoja mwenzake amalizie sentensi, kisha akaenda zake.

Tangu hapo Faidha hakuweza kulala mahali penye mlango uliofunguliwa. Katika nyumba za wageni alisukuma meza mlangoni. Na kuna saa za mchana, jua likiwa kali na watu wametulia, ambapo alisikia mtoto analia nyumba ya pili, akainuka kwenda kutazama, na hapakuwa na mtoto.

Christopher alimpigia Mama Emmanuel kuomba ruhusa, ndipo akampa Faidha namba. Kesho yake Faidha alipanda bodaboda peke yake mpaka Chiungutwa. Mama Emmanuel, jina lake Ziada, alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, ameketi barazani anamenya mihogo. Baiskeli ilikuwa imeegemezwa ukutani nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa hapo kwenye kigoda."

Faidha alikaa. Alikuwa amepanga maneno njia nzima, lakini yaliyotoka hayakuwa aliyoyapanga. "Ni mimi niliyesema."

Ziada aliendelea kumenya. "Nilikuwa nakisia. Wimbo wako wa kwanza kupigwa redioni ulitaja kijiji chenu. Nikasema, miaka inalingana."

"Alikwambia?"

"Mama? Hakusema jina la mtu yeyote. Alifika hapa kwa miguu, nyayo zimepasuka. Mimi nilikuwa nimeolewa huku na Mkristo, watu wakawa na lao la kusema, lakini mume wangu akamjengea kibanda. Aliishi miaka minne. Watoto wangu walipougua hakuwagusa. Nikimwambia mama, mshike mjukuu wako nikachote maji, anaweka mikono nyuma." Alitupa muhogo kwenye beseni. "Alichosema ni kimoja tu, na alikirudia mpaka siku zake za mwisho. Yule mtoto alikuwa na kiu."

Faidha alilia. Ziada hakumkataza wala hakumshika bega. Alimngoja kama mtu anavyongoja mvua ipite, halafu akasema, "Filamu yako ni nzuri, redio inasema. Lakini umemtafutia mama yangu mlevi. Watu watatoka ukumbini wanamlaani mlevi, na kila mmoja atalala vizuri nyumbani kwake."

"Nifanye nini, mama?"

"Mimi sijui mambo ya filamu. Wewe ndiye unayehojiwa. Ukihojiwa, jibu." Alipomsindikiza mpaka barabarani aliongeza, "Mimi usinitaje. Mtaje yeye."

Newala waliikuta na ukungu na ule upepo wa uwandani unaopenya sweta. Mtangazaji wa huko, Nancy, alikuwa binti mdogo mwenye karatasi ya maswali iliyoandikwa vizuri. Faidha alimwomba arushe kile kipande cha mlevi mwanzoni kabisa. Kikapigwa. Mara hii hakuvua spika.

"Dada Faidha," Nancy alisema, "umesema Masasi kwamba ulishuhudia jambo kama hili."

"Nilisema nilikuwa nimesimama pembeni. Si kweli. Mlevi huyo ni mimi."

Nancy alitazama karatasi yake. Hapakuwa na swali la kufuata hapo.

Faidha akasimulia. Alisimulia ngoma, mkeka, kikombe, swali la mjomba na jibu lake. Alilitaja jina la Bibi Mwanakombo mara tatu, na alisema kwamba aliingia katika nyumba ile kwa sababu mtoto alikuwa analia na yeye, dada yake, alikuwa ameenda kucheza. Suleimani, nyuma ya kioo, aliweka viganja kichwani.

Mtu wa kwanza kupiga simu alimtukana. Wa pili, mzee, alisema haikumpasa kuwaanika wazee wake redioni. Alisema mjomba mtu bado yuko hai. Wa tatu alikaa kimya kwenye simu, wakasikia kuku na pumzi yake. Nancy alipotaka kukata, mtu huyo akasema: "Kwetu pia tulimfukuza mmoja. Mimi nilibeba kiberiti." Hakutaja jina. Baada ya hapo simu haikupumzika, na Nancy akaacha karatasi yake, akawa anasikiliza tu.

Jumamosi ukumbi haukujaa. Nusu ya viti vilibaki vitupu, na kundi moja kutoka kijiji chake lilisimama nje bila kuingia. Suleimani alikuwa amenuna siku mbili, lakini aliketi usiku na mchana akaongeza kadi moja mwishoni, maandishi meupe juu ya weusi: jina la Bibi Mwanakombo, na kwamba alimpa mtoto maji. Wapo waliotazama kadi hiyo wakabaki wameketi taa zilipowashwa. Mwanamke mmoja alimwendea Faidha, akamshika mkono, akaondoka.

Mama yake hakuja. Hakupokea simu zake wiki nzima. Jumapili iliyofuata Faidha alikwenda kijijini, akamkuta nyuma ya nyumba anaanika korosho, akapiga magoti akamwamkia. Mama alichelewa kuitika.

"Mjomba wako hataki kukuona," alisema hatimaye.

"Najua."

"Umesema hakuna aliyejua kwamba ulikwenda ngomani."

"Ndiyo, mama."

Mama alisawazisha korosho kwa kiganja, akazitandaza, akazikusanya tena. "Nilipopanda kutoka bondeni nilipita uwanjani. Nilikuona. Ulikuwa umejifunga khanga yangu kiunoni, unacheza, unacheka. Nikasema, basi Safari amepona, nikasimama kupumzika na wenzangu kwa Mama Dauda. Nilikaa."

Faidha aliokota korosho moja, akairudisha mkekani.

"Mjomba wako alipouliza, nilijua wewe hukuwepo ndani. Nilijua na Mwanakombo hana ubaya. Nilimjua kabla hujazaliwa. Lakini nilikuwa nimeshamzika mmoja. Nikaona wakikugeukia wewe, nitabaki na nani? Nikanyamaza. Nilinyamaza walipowasha. Nilinyamaza alipopita hapo mbele." Sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayesoma orodha. "Wewe ulikuwa mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima."

Walikaa pale mpaka kivuli cha nyumba kikafika kwenye korosho, nao wakasogeza mkeka juani, mmoja upande huu, mwingine upande ule. Wakati wa kutwanga ulipofika mama alisimama, akajishika kiuno.

"Huyo binti wa Mwanakombo," aliuliza. "Yule wa Chiungutwa aliyepiga simu redioni. Nikienda, atanipokea?"

"Sijui, mama."

"Wewe umeshakwenda? Alikupa kigoda?"

"Alinipa."

Mama aliingia ndani. Faidha alimsikia akifungua sanduku, akitafuta nguo ya safari.