Toeni Vituo

Mwalimu wa fasihi alikuwa hoi bin taabani, na uchovu wake haukuwa wa mwili peke yake. Miaka nenda miaka rudi alisomesha ushairi mbele ya darasa lililomtazama kama linavyotazama ukuta, na kila ubeti aliousoma alijiona anatwanga maji kwenye kinu. Dada yake alikwisha kumwambia aiache kazi kabla kazi haijamwacha yeye. Alikuwa karibu kumsikiliza.

Kilichomshika pale shuleni kilikuwa kipindi kimoja tu kwa wiki, kile cha podikasti. Humo wanafunzi walitunga mashairi, wakayaghani, wakayajadili na kuyarekodi kwa simu kuukuu ya shule, wenzao wa madarasa mengine wakasikiliza. Walewale waliosinzia juu ya vitabu waligombania kusema. Lakini mkuu wa shule, mtu wa hesabu tangu utosini hadi unyayoni, aliona hizo ni porojo zenye umeme. Alitaka kipindi kiende kwenye maswali ya mitihani iliyopita. Baada ya kubembelezwa sana, alikubali kusikiliza rekodi moja kabla ya kukata shauri.

Rekodi ilikuwepo, ila ndefu. Msichana aliyeghani alikuwa ametunga shairi juu ya mama yake anayepoteza kumbukumbu, na kila mara alinyamaza kuvuta pumzi. Usiku wa kuamkia siku yenyewe, kichwa kikimgonga, mwalimu alimwandikia kijana aliyeongoza wenzake kuhariri sauti, ambaye darasa lilimwita Fundi Mitambo, ujumbe wa maneno mawili: "Toeni vituo." Alimaanisha ule ukimya. Kisha akalala.

Mkuu aliketi dawati la nyuma, mikono kifuani. Sauti ikaanza vizuri, mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, halafu ikakatika. Ikasikika pumzi tu. Mwalimu alidhani simu imekwama, lakini ubeti wa pili ukaja, nao ukaishia palepale. Ndipo alipoelewa. Wiki nzima alikuwa akiwaimbia kwamba mstari wa mwisho wa ubeti ndio uitwao kituo. Fundi Mitambo alikuwa ameviondoa vyote na kuacha pumzi zote. Maisha yake yote mwalimu aliomba wanafunzi washike istilahi. Leo wameishika, na wanamnyonga nayo.

Alinyoosha mkono aizime. Mtunzi, pale mbele, hakuweza kuvumilia shairi lake likikatwa mikia, akautamka mstari uliokosekana kwa sauti ya chini. Ubeti uliofuata, jirani yake akamsaidia. Mwalimu akaurudisha mkono wake. Ukaja ubeti wa mwisho, mstari wa kwanza ukapita, kisha:

"Mama yuko mlangoni, ameshika shavu lake…
Viatu vyake vumbini, kasahau njia yake…"

Simu ikanyamaza, na darasa zima likajaza:

"Nani atamrudisha, sote tukishachelewa?"

Hakuna aliyecheka. Mtunzi aliinamisha uso kwenye dawati, na mwalimu alihisi machozi yakimlenga bila kuyaonea haya. Hata mkuu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Wanalijua kwa ghibu, Mwalimu," alisema kwa upole. "Hongera sana. Sasa hiyo simu ya nini tena? Kipindi nitakipeleka kwenye mitihani."

Alimaanisha mema, na hapo ndipo palipouma, maana hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Aliagana nao kwa heshima, akaenda zake.

Fundi Mitambo alikuja mbele, macho chini. Aliomba msamaha, akauliza kama angeviacha vile vituo wangeachiwa kipindi chao. Mwalimu angeweza kumdanganya kidogo apoe, lakini hakuwa na nguvu hata za uongo mdogo.

"Mngeviacha, mwanangu, mngenyamaza, na simu ingebaki na kazi."

Kijana hakuelewa, au alijitia hamnazo. Nyuma yake darasa lilikuwa bado limekaa, hakuna aliyegusa mkoba, wote wakimtazama yeye, na safari hii si kama ukuta. Mtunzi aliinua uso, akauliza wiki ijayo watarekodi shairi la nani.

Mwalimu aliichukua ile simu kuukuu. Alitamani wiki ijayo ifike hata kesho, na wiki ijayo haikuwa na kipindi.